Konzi Nne za Bibi Tum

Mama Hlawn anasema aliona kwa macho yake mawili, wala si habari ya kusimuliwa. Anasema alfajiri ya Alhamisi alikwenda kwa jirani yake Bibi Tum kuomba kaa la moto, maana kiberiti chake kilikuwa kimelowa. Akasukuma mlango kama anavyousukuma siku zote, na hapo kando ya meko akamkuta Ngun Sui, mke wa Lian, amepiga magoti, mkono umezama mpaka kwenye kiwiko ndani ya debe la Bwana. "Nikadhani anatoa sadaka," anasema Mama Hlawn. "Nikasema moyoni, tazama mkamwana mwema, jua halijatoka yeye yuko na Mungu wake. Lakini jamani, mkono wa sadaka huingia umejaa ukatoka mtupu. Ule uliingia mtupu ukatoka umejaa."

Hapo hunyamaza kidogo, msikilizaji apate nafasi ya kushika mdomo. Kisha huongeza kwamba Ngun Sui alipomwona aliruka kama paka aliyemwagiwa maji.

Hilo la paka si kweli. Ngun Sui hakuruka. Aliumimina mchele uliokuwa mkononi katika pipa la nyumba, akafunika, akachukua koleo, akampa jirani yake kaa zuri jekundu. Akamwambia, "Shika vizuri, Mama Hlawn, lisikuangukie mguuni." Lakini hayo mengine yote yalikuwa kweli, na ndiyo maana yalifika bombani kabla ya ndoo ya kwanza kujaa.

* * *

Hapa Lungpar, kijiji chetu cha milimani, hakuna nyumba isiyo na debe la Bwana. Hukaa kando ya meko, mdomo umefunikwa kitambaa chenye tundu la kupitisha ngumi. Mwanamke akipima mchele wa kupika huchota konzi moja, ujazo wa ngumi, huitia humo, ndipo huinjika chungu. Kila mpiko konzi moja. Kila Jumamosi ya pili kina mama wa kanisa hupita kukusanya, wakipima kwa kopo la maziwa mazito. Kesho yake katibu husimama kanisani na kusoma: nyumba ya fulani makopo matano, nyumba ya fulani makopo sita. Mchele huo ndio unaowalisha wahubiri walioko vijiji vya mbali, na mtu aliyepungukiwa.

Mwaka huu mvua iliteremsha ubavu mzima wa mlima ukaifukia barabara. Gari la mchele kutoka bondeni halikupanda tena, na uliobaki dukani ulipanda bei mpaka watu wakawa wanauulizia tu, kama wanavyoulizia mgonjwa wa mbali. Nyumba nyingi zilirudi kwenye makande ya mahindi. Kanisani makopo sita yakawa manne, manne yakawa mawili. Nyumba moja tu ilipanda. "Nyumba ya Bibi Tum Zing," katibu alisoma, akatazama tena daftari lake, "makopo ishirini na mawili."

Bibi Tum aliinamisha kichwa. Alikuwa mjane wa miaka sitini na nne, mwembamba, mwenye mgongo ulionyooka. Watu walisema akibeba kapu la kuni utadhani kapu ndilo linalomfuata. Alikuwa amepiga hesabu yake mwenyewe. Konzi moja ni ya nyumba isiyojua shukrani. Nyumba yake ina midomo minne: wake, wa mkamwana wake Ngun Sui, wa mjukuu wake Par mwenye miaka minne, na wa mwanawe Lian. Lian alikuwa Malaysia akiosha vyombo hotelini, na mdomo wake ulikula hukohuko. "Mdomo wa mwanangu hauhami," alisema Bibi Tum. Basi konzi nne kila mpiko. Na kwa kuwa hakutaka mama wala mtoto wapunguziwe, zote nne zilitoka katika fungu lake yeye.

"Mama, hujala," Ngun Sui alimwambia siku moja.

"Nimekula."

"Umekunywa maji ya mchele."

"Na hayo maji yametoka wapi, mtoni? Kula, mwanangu. Mimi nimeshiba neno."

Par akadaka lile neno, akalicheka. Ngun Sui hakucheka. Aliona jinsi mkwewe alivyokuwa akiizungusha sketi yake ya kufuma kiunoni mara mbili na bado ikamteleza. Lakini mkamwana hahesabu matonge kinywani mwa mkwewe. Akibisha mara moja ataambiwa ana huruma, akibisha mara tatu ataambiwa ana uchoyo. Kwa hiyo alinyamaza, akatafuta njia isiyokuwa na maneno.

Kila alfajiri Bibi Tum alikwenda kanisani kusali. Ngun Sui alimsubiri avuke daraja la mbao, kisha akafungua kitambaa cha debe. Aliacha humo konzi mbili, moja ya mpiko wa asubuhi na moja ya jioni, kama nyumba zote za Lungpar. Zilizobaki alizirudisha pipani. Alifikiri pipa likikaa na mchele, mama atalegeza mkono na kula kidogo.

Alimpima mkwewe kwa kopo lisilo lake. Bibi Tum alichungulia pipa siku ya kwanza, akachungulia siku ya tano, akachungulia siku ya tisa, na mchele ulikuwa karibu palepale. Akakaa chini sakafuni, akalia kwa furaha.

* * *

Kwenye ibada ya kina mama ya Jumatano alisimama kabla hata hajaitwa.

"Wapendwa, mimi nina ushuhuda. Kusoma sijui vizuri, lakini pipa langu nalijua. Natoa konzi nane kwa siku. Nane! Na mchele hauteremki. Mnamkumbuka yule mjane wa zamani, ambaye unga wake haukwisha akamlisha nabii? Nilikuwa nadhani ni mambo ya kale. Kumbe hata huku kwetu, kwenye matope haya, Bwana anapita na kopo lake."

Kina mama wakasema haleluya. Bibi Ceu, mwenyekiti wao, alivua miwani akaipangusa. Ngun Sui alikuwa benchi la tatu, Par mapajani, akitazama ufa uliokuwa kwenye sakafu kati ya miguu yake. Ungekuwa mpana kidogo angeingia.

Wakirudi nyumbani chini ya mwavuli mmoja, Bibi Tum alitembea kama msichana. "Umewasikia? Kuanzia kesho fungu langu lote ni la Bwana. Kwa nini nile, na yeye ananijazia?"

"Lakini Mama, huenda…"

"Huenda nini?"

"Huenda ni vile pipa lenyewe lilivyo. Chini ni pana."

Bibi Tum alicheka mpaka mwavuli ukamwaga maji upande wa mtoto. "Mwanangu, wewe imani yako haijafika hata kwenye kifundo cha mguu."

Hapo ndipo ilipokuwa nafasi ya kusema, na Ngun Sui aliiona ikipita. Kesho yake alfajiri alifungua debe kama kawaida, na Mama Hlawn akasukuma mlango.

Ijumaa Bibi Tum alianguka njiani na kapu la kuni, mkanda wa kulibebea ukiwa bado kwenye paji la uso. Alifika nyumbani na matope mpaka mashavuni, akasema ameteleza. Siku hiyo njia ilikuwa kavu.

* * *

Jumamosi walikuja watatu: Bibi Ceu na kopo lake, katibu kijana na daftari, na Mama Hlawn na kapu, maana ilikuwa zamu yake. Bibi Tum alikuwa ameshatandika mkeka na kupika chai. Alilisukuma debe mbele kwa mguu, ili waone kwamba ni zito kiasi kwamba yeye hawezi kuliinua. Bibi Ceu aliliinua kwa mkono mmoja.

Wakapima. Kopo la sita lilipojaa, debe likagongwa chini, likalia tupu.

"Pima tena," alisema Bibi Tum.

"Bibi, nimepima."

"Basi kopo lako limekua. Pima tena."

Wakapima tena. Sita. Mama Hlawn akakohoa.

"Mama Hlawn, una kikohozi?"

"Mimi sina, Bibi. Huenda kipo humu ndani ya nyumba."

"Kikohozi cha nani? Wewe mwanamke, umekuja kukusanya mchele au umekuja kukusanya maneno?"

"Maneno mimi sikuyakusanya," alisema Mama Hlawn, sasa amekasirika kweli. "Niliyakuta yamepiga magoti hapo ulipo."

Ngun Sui aliweka birika chini. "Ni mimi," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo lakini haikutetemeka. "Konzi za Bwana sikuzigusa. Ziko zote humo, makopo sita, kama nyumba nyingine siku zote. Nilichochukua ni chakula cha mama. Nilikirudisha pipani ili akile."

"Pipani," alisema Bibi Tum.

"Ndiyo, Mama."

"Tangu lini?"

"Tangu Jumatatu ya wiki iliyopita."

Kila mtu mle ndani alirudi nyuma kwa vidole mpaka Jumatatu hiyo, kisha akaja mbele mpaka Jumatano ya ule ushuhuda. Katibu, ambaye alikuwa bado msichana na hakuwa na nia mbaya, alitoa kicheko kidogo cha puani. Akakiziba kwa daftari, lakini kilikuwa kimeshatoka.

Bibi Tum aliinuka, akaenda pembeni kwake, akajilaza akielekea ukutani, akajifunika blanketi mpaka kichwani. Chai yake ilibaki mkekani. Wageni walitoka mmoja mmoja, wakivaa viatu bila kutazamana.

* * *

Jumapili majina yalisomwa. "Nyumba ya Bibi Tum Zing, makopo sita." Hakuna aliyegeuza kichwa, na watu mia wasipogeuza kichwa kwa pamoja, mtu hulisikia hilo. Ngun Sui alikaa na mtoto wake kwenye benchi ambalo siku nyingine hukaliwa na watu saba. Mbele ya mlango mwanamke mmoja alimwambia, "Pole, eti miujiza imekwisha kwenu?" akamshika mkono kwa upole, kana kwamba anampa pole ya msiba.

Nyumbani bakuli la asubuhi lilikuwa palepale kando ya mkeka, uji umeshika ngozi juu.

"Mama, kula."

Akalisogeza bakuli karibu na blanketi.

"Mama, nitukane basi. Nipige. Kisha ule."

"Sijakasirika," ilisema sauti kutoka blanketini. "Ninafunga."

Alifunga Jumapili yote. Jumatatu asubuhi Ngun Sui alimwinua kumnywesha maji, na kikombe kikagongana na meno yake, mikono ikatetemeka mpaka maji yakamwagikia kifuani. Miguu ilikuwa baridi. Zahanati iko ng'ambo ya maporomoko ya udongo, mwendo wa siku moja kwa mtu mwenye nguvu zake. Lian alikuwa mbali, na simu haikuwa na mtandao tangu mvua. Ngun Sui alisimama katikati ya nyumba akaelewa kwamba mkwewe anaweza kufa hapo, polepole, kwa adabu, bila kumlaumu mtu. Na yeye ataitwa aliyemuua, na atakubali.

Akajitanda shali, akapanda kwa Bibi Ceu. Kwetu mtu akiomba mchele wa konzi huenda mwenyewe, husimama mlangoni, na hulitaja jina la nyumba yake. Hajawahi mtu wa nyumba ya Bibi Tum kusimama pale.

"Nyumba ya Tum Zing," alisema. "Tuna mgonjwa. Hali chakula."

"Mchele si mnao?" aliuliza Bibi Ceu.

"Tunao. Lakini wetu anasema ni wa Bwana, hataugusa. Nimefikiri… Bwana mwenyewe akimpa wa kwake, atasemaje?"

Bibi Ceu alimtazama kwa muda juu ya miwani. "Nani kakufundisha hayo?"

"Hakuna. Nimechoka tu."

* * *

Walipoingia, mchele ulikuwa umebebwa na Mama Hlawn. Bibi Ceu ndiye aliyetaka iwe hivyo, na Mama Hlawn alikuwa amelalamika njia nzima.

"Bibi Tum," aliita Bibi Ceu, akikaa chini bila kukaribishwa. "Nimekuletea makopo manne."

"Mpe mwenye njaa."

"Nimezunguka kijiji kizima, sijamwona anayekushinda."

"Mimi sina njaa. Ninafunga."

"Unafunga, au umenuna? Maana vitu hivyo ukiviona kwa mbali vinafanana."

Blanketi lilitikisika. Mama Hlawn aliuma midomo asicheke.

"Bwana alisema mtu ajikane," ilisema sauti kutoka ndani.

"Alisema. Wewe umelikana tumbo. Tumbo limekukosea nini, maskini? Kutwa liko gizani. Mimi nakujua tangu tunachunga nguruwe wa baba yako, Tum. Kwako wewe kukosa chakula ni kazi nyepesi. Makopo ishirini na mawili uliyatoa ukiwa unatabasamu. Sasa jaribu hii nzito: pokea. Konzi za wanawake themanini zimo humu. Ya huyu Mama Hlawn imo, na ana watoto watano."

"Hata huyo?"

"Hata mimi," alisema Mama Hlawn. "Na ujue mchele wangu ni ule mzuri, si wa kuvunjikavunjika."

"Aliyekuomba uje nyumbani kwangu ni nani? Umekuja kuona kingine cha kwenda kusema bombani?"

Mama Hlawn aliweka kapu chini. Uso ulimshuka. "Bibi, mimi nilisema nilichokiona," alijibu taratibu. "Ambacho sikukiona ni kwamba ulikuwa huli. Mlango huu nausukuma kila siku, na hilo sikuliona. Nisamehe."

Ngun Sui alikuwa ameshainjika maji. Alipokuwa akipima mchele ule wa kupewa, mkono wake kwa mazoea ukachota konzi, kisha ukasita hewani.

"Toa," alisema Bibi Ceu. "Hata wa kupewa hutolewa. Moja."

Akaitia debeni. Akapika wali mlaini, na mchuzi wa nyama kavu na majani ya haradali, harufu ikaenda mpaka pembeni. Akapakua bakuli la mkwewe, akalipeleka. Halikupokelewa. Akapakua la Par, akampa kijiko, akageuka kuwapa wageni.

Aliposikia kitambaa cha debe kikikwaruza, aligeuka. Par alikuwa amesimama juu ya vidole vya miguu, anasukuma wali wake moto kwenye tundu kwa mkono, tonge baada ya tonge, mchuzi ukimchuruzika mpaka kwapani.

"Wewe mtoto!" Ilikuwa sauti ya Bibi Tum. Blanketi lilikuwa limeanguka naye ameketi, nywele zimesimama, jicho limetoka. "Wali na mchuzi kwenye debe la Bwana! Utaozesha mchele wote! Mtoeni! Ngun Sui, mtoe!"

Par alirudi nyuma, bakuli tupu kifuani. "Mimi sili," alisema. "Nimeshiba neno."

Hakuna aliyecheka sasa. Bibi Tum alimtazama mjukuu wake, vile vifundo vya mikono vidogo vilivyopakwa mchuzi, na tumbo dogo lililokuwa likinguruma mpaka watu wote wanalisikia. Alitazama bakuli lake mwenyewe. Kisha akamtazama Mama Hlawn aliyekuwa amekaa mbele yake kabisa, na kila mtu aliona jinsi kupokea kulivyokuwa kuzito kwake, kuliko kapu lolote la kuni.

"Njoo hapa," alimwambia mtoto. "Nani kakwambia neno linashibisha?"

"Wewe."

"Bibi yako ni mjinga. Kaa. Kula humu mwangu."

"Wewe kwanza."

Bibi Tum alichukua kijiko. Punje zikadondoka sketini. Mama Hlawn akataka kugeukia ukutani kwa heshima.

"Usigeuke," alisema Bibi Tum. "Si unapenda kuona? Ona." Akatia kijiko kinywani, akatafuna polepole, akameza. Machozi yalimtoka, akayaacha. "Kweli si wa kuvunjikavunjika," alisema.

Mama Hlawn alicheka huku analia, akajipangusa kwa ncha ya shali. Bibi Ceu akavuta bakuli lake akaanza kula kwa kelele, kama mtu aliyetua mzigo. Bibi Tum alikula kijiko, akamlisha mtoto kijiko, akala kijiko. Walipofika nusu, miguu yake ilianza kupata joto, akainyoosha kuelekea motoni. Aliuliza chumvi iko wapi. Akasema haradali imepikwa sana. Ngun Sui aliposikia anakosolewa mapishi yake, alikaa chini kando ya meko kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Wageni walipoaga, mvua ilikuwa imepungua. Ngun Sui alilimwaga debe juu ya ungo, akaanza kuchambua mchele mkavu na wali, punje kwa punje. Par alikuwa amelala, mdomo wazi, kichwa juu ya mguu wa bibi yake.

"Mwanangu," alisema Bibi Tum.

"Naam, Mama."

"Kesho ukipika, konzi niachie mimi niitoe. Moja tu."

Ngun Sui aliendelea kuchambua. Kisha akauweka ungo pembeni, akainuka, akalichukua bakuli la mkwewe, akaona limebaki tupu, akaenda kukwangua chungu ili amwongezee.